SOMO LA KAZI ZA MIKONO: KUFUMA KOFIA YA KULEGEA BILA MSHONO



Mwezi wa 5 ukiisha, kila mutu wa Lubumbashi anajua chenye kinakuja. Mji wetu uko juu, karibu meta 1200 kupita bahari. Katika mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi mapema, joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Saa ile njo wenzetu wa Katuba na wa Ruashi wanatoka nyumbani kwa miguu, giza haijaisha, na upepo unapita masikioni. Na ni wakati ule ule wa egzame. Mutu mwenye kutetemeka hasomi swali vizuri.

Sokoni kofia ziko. Lakini nyingine ni nyembamba, nyingine zinabana kichwa, na franka si kila siku ziko mfukoni. Kwa hiyo leo tutajifunza kufuma kofia sisi wenyewe, kwa mikono yetu, kwa sindano tano na uzi gramu 100. Somba karatasi na kalamu pia, kwa sababu hesabu ni mingi katika kazi hii.

I. KOFIA GANI?

Kofia ya kulegea ina mkanda chini unaoshika kichwa. Juu ya mkanda inakuwa pana na ndefu kupita kichwa, basi inaanguka kidogo nyuma. Wazazi wengine wakiiona wanakasirika: "Ile kofia ya barasta, sitaki kuiona mu nyumba yangu!" Kweli, barasta wa Jamaika wanavaa kofia pana, juu wanapanga ndani nywele zao ndefu. Lakini bere ya Wafaransa nayo ni ndugu yake. Zamani ilifumwa kwa sindano, kisha ikapigwa ndani ya maji mpaka uzi ukashikamana. Kofia haina zambi. Zambi inatoka moyoni mwa mwenye kuivaa.

Faida zake ni mbili. Ya kwanza: dada mwenye kusuka nywele anaivaa bila kuharibu misuko yake, kwa sababu nafasi iko. Ya pili: kati ya kichwa na kofia kunabaki hewa, na hewa yenye kutulia inashika joto. Njo maana blanketi mbili nyepesi zinapita blanketi moja nzito.

II. MAANA YA KUFUMA KWA MZUNGUKO

Wengi wetu tulimwona mama au tantina anafuma triko kwa sindano mbili. Anaenda mpaka mwisho wa mstari, anageuza kazi, anarudi. Akimaliza anapata kipande kama kitambaa, kisha anashona mbavu. Kofia ya namna ile inakuwa na mshono nyuma, na mshono ule unasumbua ukiegama.

Kwa mzunguko si vile. Vitanzi (wengine wanasema maye) vinagawanywa juu ya sindano nne, kama kuta nne za nyumba, na sindano ya tano njo yenye kufanya kazi. Hatugeuzi kazi hata mara moja. Tunazunguka, tunazunguka, kama mutu mwenye kupanda ngazi ya mnara. Kwa hiyo upande wa mbele unatuangalia sikuzote, na faida kubwa inatoka hapo: ukitaka uso laini, unafuma kitanzi cha mbele tu katika kila mzunguko. Kitanzi cha nyuma, chenye kuchelewesha wanafunzi wengi, utakihitaji paka kwa mkanda.

Ufundi huu hautoki mbali na bara letu. Vipande vya kale sana vya kufuma kwa sindano vyenye vinajulikana mpaka leo vilipatikana Misri, katika Afrika. Ni soksi za pamba, rangi nyeupe na bluu, zina miaka mia nyingi, na zilifumwa kwa mzunguko. Halafu, karibu mwaka wa 1400, fundi wa picha mmoja wa Hamburg, Ujerumani, Bertram, alichora Maria mama wa Yesu anafuma nguo ya mtoto kwa sindano nne, na uzi unazunguka shingo ya nguo. Basi sindano zenye tutashika leo, watu walizishika mbele yetu.

III. VYOMBO

1. Sindano tano, unene milimeta 5, urefu santimeta 20, zenye ncha pande mbili. Kama hazipatikani, tengeneza. Tafuta mwanzi mkavu, upasue, chonga kwa kisu vijiti vitano vyembamba kupita kalamu, sugua kwa karatasi ya msasa mpaka vidole visisikie mwiba, kisha paka nta kidogo ya mshumaa. Pitisha uzi juu ya kila sindano: ukikwama, sugua tena. Watu wengine wanatumia vyuma vya gurudumu la kinga. Vile ni vizuri, lakini ni vyembamba, karibu milimeta 2. Vinafaa soksi za mtoto na uzi mwembamba, si kofia hii.

2. Uzi wa lena, wa unene wa katikati. Uzi wa kusukia nywele ni mwembamba, ushike nyuzi mbili au tatu pamoja. Njia ya bei ndogo ni kununua triko ya zamani kati ya zile zinazouzwa chini sokoni, na kuifumua. Lakini mbele ya kulipa, geuza triko ndani-nje, angalia mshono wa mbavu. Kama kingo za vipande ni nzima, kama ukosi wa kitambaa, uzi utatoka mrefu. Kama kingo zilikatwa kwa makasi na kuzungushiwa uzi wa mashini, acha! Utapata vipande vifupi vifupi, kila mstari kipande chake. Uzi wenye kufumuliwa unakuwa na mikunjo. Uzungushe juu ya mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uoshe katika maji ya uvuguvugu, utundike na kitu kizito kidogo chini. Ukikauka, utakuwa umenyooka.

3. Kipande cha uzi wa rangi nyingine (alama ya mwanzo), santimeta ya kupimia, na shindano kubwa ya kushonea.

IV. HESABU MBELE YA KUANZA

Mutu mwenye kuanza bila kupima anafuma mara mbili. Fuma kwanza kipande cha majaribio, upana wa santimeta 12 hivi, kisha hesabu: vitanzi ngapi katika santimeta 10? Mistari ngapi katika santimeta 10? Tuseme umepata vitanzi 18 na mistari 24. Kama umepata hesabu nyingine, fuata njia hii hii na hesabu yako.

Pima kichwa kupitia paji la uso na juu ya masikio. Tuseme santimeta 56. Mkanda lazima uwe mdogo kuliko kichwa, juu uzi unavutika. Bila vile kofia itaangukia machoni. Toa sehemu moja ya kumi:

56 – 5,6 = 50,4, tuseme 50.
50 × 1,8 = vitanzi 90.

Mkanda wetu ni wa mbili-mbili (mbele 2, nyuma 2), kwa hiyo hesabu lazima igawanyike kwa 4. Basi 90 inakuwa 88.

Sehemu ya kulegea itakuwa na vitanzi 120. 120 gawanya kwa 1,8 ni karibu santimeta 67. Kichwa ni 56: unaona nafasi yenye inabaki.

V. KAZI YENYEWE

Hatua ya 1: Kuanza. Weka vitanzi 88 juu ya sindano. Usikaze, ukiwa na mkono mgumu, shika sindano mbili pamoja wakati wa kuweka, kisha chomoa moja. Gawanya hivi: 24, 20, 24, 20. Vile kila sindano inaanza na vitanzi viwili vya mbele na kumaliza na viwili vya nyuma.

Hatua ya 2: Kufunga mzunguko. Hapa simama kwanza. Weka kazi juu ya meza. Angalia ukingo wa chini wa vitanzi vyote: lazima uelekee ndani ya mzunguko, toka sindano ya kwanza mpaka ya nne. Kama mahali pamoja umepanda juu ya sindano, kazi imejisokota. Nyoosha. Kisha funga alama, shika sindano ya tano, anza kufuma kitanzi cha kwanza na uzi wenye kutoka kwa kitanzi cha mwisho. Vuta vizuri.

Hatua ya 3: Mkanda. Mbele 2, nyuma 2, kila mzunguko, mpaka santimeta 5. Kwa vipimo vyetu ni mizunguko 12.

Hatua ya 4: Kuongeza. Mzunguko mmoja tu. Fuma mbele 3, ongeza 1. Mbele 3, ongeza 1. Mbele 3, ongeza 1. Mbele 2, ongeza 1. Rudilia vile mara 8. Vitanzi 11 vinakuwa 15, na 8 × 15 = 120. Namna ya kuongeza: inua uzi wenye kulala kati ya vitanzi viwili, usokote kidogo, ufume. Usipousokota, tundu litabaki. Kisha panga vitanzi 30 juu ya kila sindano.

Hatua ya 5: Mwili wa kofia. Mbele, mbele, mbele. Santimeta 12, ni kusema mizunguko 29. Hii njo sehemu ya kufuma huku unaongea na wenzako ao unakariri somo la istwari.

Hatua ya 6: Kupunguza. Kila sindano ina sehemu mbili za vitanzi 15. Jumla sehemu 8.
– Mzunguko wa kwanza: mbele 13, kisha fuma 2 pamoja. Rudilia mara 8. Zinabaki 112.
– Mzunguko wa pili: mbele tu, bila kupunguza.
– Mzunguko wa tatu: mbele 12, kisha 2 pamoja. Zinabaki 104.
– Mzunguko wa ine: mbele tu.
Endelea vile, moja ya kupunguza na moja ya kupumzika, mpaka unabaki na vitanzi 8. Utakuwa umepunguza mara 14, na mizunguko yote pamoja ni 27.

Hatua ya 7: Kufunga. Kata uzi, acha santimeta 20. Pitisha kwa shindano ndani ya vitanzi 8, vuta mpaka tundu lifunge, pitisha tena, ficha mwisho ndani. Kofia imekwisha, na mshono hakuna.

Sasa swali la wanafunzi wa matematiki: kwa nini 8 kila mizunguko miwili, na si 4 ao 20? Jibu liko katika duara. Ukingo wa kofia ni santimeta 67. Gawanya kwa 6,28 (ni kusema pi mara mbili), unapata nusu-kipenyo ya 10,6. Mizunguko yetu 27, kwa mistari 24 katika santimeta 10, inaleta urefu wa 11 na kidogo. Hesabu hizi mbili ni karibu sawa, kwa hiyo juu ya kofia panalala kama sahani. Ukipunguza polepole sana, utapata ncha kama ya mfuniko wa chungu. Ukipunguza mbio sana, ukingo unakunjamana. Mutu mwenye kusema "pi inanisaidia nini?" aivae kichwani.

VI. MAKOSA YENYE KUONEKANA MARA NYINGI

a) Kazi imejisokota. Ukiona mkanda umepinda kama kamba, hakuna dawa: fumua. Afazali kufumua mizunguko miwili kuliko ishirini.

b) Ngazi kati ya sindano. Mahali sindano mbili zinakutana, vitanzi vinalegea na mstari unashuka kama ngazi. Vuta uzi kwa nguvu kidogo kwenye kitanzi cha kwanza na cha pili cha kila sindano.

c) Kitanzi kimeanguka. Usiogope na usivute. Kikamate na pini, kisha kipandishe mstari kwa mstari.

d) Rangi hazikutani. Ukitaka mistari ya rangi, utaona mwanzo wa rangi unapanda hatua moja. Si kosa lako. Mzunguko ni kweli kama ngazi ya kuzunguka, hauishii mahali ulianzia. Geuzia mahali pale nyuma ya kichwa.

VII. "NI KAZI YA BANAMUKE"

Wavulana wengine wanafika hapa na kusema: "Miye niko mwanaume, sitashika shindano." Tuwajibu kwa upole.

Mawazo yale yana historia. Mji huu ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Elisabethville. Wakati wa ukoloni, katika mafuaye sosiali na katika makambi ya Union Minière, wanawake walifundishwa kushona, kufuma triko na kupika. Wanaume walikwenda mine na usine. Mgawanyo ule ulikuwa mpango wa kazi. Haukuwa amri ya Mungu, wala desturi ya watu wote wa dunia.

Angalia kwanza hapa hapa. Nani anashona vikwembe na malibaya ya mama zetu? Batayeri wengi ni wanaume, na hakuna mutu anawacheka. Angalia Ulaya: katika karne ya 17, mjini Strasbourg, mabwana wa ufundi wa kufuma walikuwa wanaume, na mutu hakuitwa fundi mbele ya kuonyesha kazi zake, bere ikiwa ndani yake. Angalia pia Taquile, kisiwa cha ziwa Titicaca, Peru. Kule wanaume na wavulana njo wanafuma kofia, na ukiangalia kofia ya mwanaume unajua kama ameoa ao hapana. UNESCO ilitangaza ufundi wa kisiwa kile mwaka wa 2005 kuwa urizi wa watu wote.

Tena kuna jambo la mfuko. Kofia hii ina vitanzi kupita 6000. Mutu mwenye kufuma vitanzi 20 kwa dakika anaimaliza kwa muda wa saa tano na kidogo. Mwenye kufuma kofia mbili kwa juma, toka Pasaka mpaka mwezi wa 6, anaweza kusaidia wazazi wake kwa minervali. Kijana mwenye kusimama na mikono mfukoni tangu saa nane mpaka magaribi, yeye anasaidia nani?

VIII. KOFIA YA PILI

Katika Injili ya Yoane, sura ya 19, tunasoma juu ya nguo ya Bwana Yesu. Haikuwa na mshono, ilikuwa kitu kimoja toka juu mpaka chini. Waaskari walioigawanya mali yake hawakuthubutu kuipasua, wakapiga kura. Waliona hata wao kwamba kitu cha namna ile kikipasuliwa, kimeharibika chote. Na katika Matendo, sura ya 9, mwanamke Dorkasi wa Yopa alikufa, wajane wakamzunguka Petro, wakilia na kumwonyesha nguo zenye aliwatengenezea. Dorkasi hakuacha mahubiri yaliyoandikwa. Aliacha nguo.

Basi ombi letu: ukimaliza kofia yako, fuma ya pili, ndogo, kwa mtoto mwenye kuzaliwa wakati wa baridi. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, na joto lake linatoka mbio. Mama wengine wanafika maternite na kikwembe kimoja tu.

Vipimo ni hivi: kichwa karibu 35, toa sehemu ya kumi, mara 1,8, tuseme vitanzi 56. Mkanda santimeta 3, bila kuongeza. Fuma mbele mpaka urefu wote ni 9. Kisha sehemu 8 za vitanzi 7: mbele 5, 2 pamoja, na kuendelea kama juu mpaka 8. Mambo matatu ya kukumbuka: uzi laini usiochoma, hakuna kamba ya kufunga shingoni, na kofia isishuke machoni wala puani. Hii si kofia ya kulegea. Mtoto hahitaji mapambo, anahitaji joto. Iosheni vizuri mbele ya kuitoa.

MASWALI

1. Yaya yako ana kichwa cha santimeta 58, na kipande chako cha majaribio kina vitanzi 16 katika santimeta 10. Mkanda wake utakuwa na vitanzi ngapi? (Kumbuka kugawanya kwa 4.)

2. Kwa nini katika mzunguko hatuhitaji kitanzi cha nyuma ili kupata uso laini?

3. Eleza namna ya kuchagua triko ya zamani yenye inaweza kufumuliwa.

4. Onyesha kwa hesabu kwamba kofia hii ina vitanzi kupita 6000.

5. Soma Matendo 9:36-42. Ukitoka shule hii, ni kitu gani cha mikono yako watu wataweza kuonyesha?

Mwenye kukwama kwenye Hatua ya 2 asione haya. Amwombe mwenzake amwangalilie mbele ya kufunga mzunguko, kwa maana macho ya mwengine yanaona mapema kazi yenye imejisokota.